Mikeka ya Usumba

SEHEMU YA KWANZA

Arobaini ya Babu tuliisomea ukumbini, kwa sababu pale kwetu Maili Moja, Kibaha, hapakuwa na sehemu nyingine ya kuwaweka watu wote wale. Viatu vilirundikana mlangoni mpaka barazani. Mwenyekiti wa mtaa alipotaka kukanyaga mikeka na raba zake, Shangazi alimwekea mkono kifuani, taratibu tu.

"Samahani, Mwenyekiti. Hapa hata marehemu mwenyewe alikuwa anavua."

Mwenyekiti akavua. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kidoleni, na mpaka leo nadhani tundu lile ndilo lililomfanya awe mkali kwetu baadaye.

Ukumbi wetu wa judo ni matofali hadi kiunoni, juu yake wavu wa waya, na paa la bati ambalo mvua ikilipiga, hata "hajime" ya kuanzisha pambano haisikiki. Ukutani kuna picha mbili. Moja ni ya Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani aliyeianzisha judo mwaka 1882, akiwa na wanafunzi tisa na mikeka kumi na miwili ndani ya hekalu mjini Tokyo. Nyingine imekatwa gazetini: Andrew Thomas Mlugu, Mtanzania aliyecheza judo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akarudi tena Paris mwaka 2024. Mtoto mpya akija, Babu alimsimamisha kwanza mbele ya picha ya gazeti. "Yule mwingine alikuwa Mjapani, si ajabu," alikuwa akisema. "Huyu anakula ugali."

Niwaeleze kidogo jinsi klabu ilivyoanza, maana ugomvi wote uliofuata umetoka hapo.

Babu alizaliwa Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi zilikuwa zinajenga kituo kikubwa Kibaha: shule ya sekondari, kituo cha afya, chuo cha wakulima. Mradi ulikabidhiwa serikali yetu Januari 1970, na ndio mnaoujua leo kama Shirika la Elimu Kibaha. Vijana wa Kizaramo walikwenda kuomba kazi, na Babu alikwenda na randa na msumeno wake. Hadithi ya nyumbani inasema kwamba fundi umeme mmoja, Mswidi mwenye mkanda mweusi, alikuwa akitafuta mtu wa kufanya naye mazoezi jioni. Wenzake wote walimkwepa. Seremala mmoja hakumkwepa. Akapigwa ngwala wiki nzima, na wiki iliyofuata akarudi. Yule Mswidi alipomaliza mkataba wake alimwachia gi kuukuu, yaani vazi la judo, na kitabu cha picha. Babu akanunua kiwanja, akapandisha ukumbi kwa mikono yake, na kwa kuwa hapakuwa na tatami za kununua, akatengeneza mikeka ya usumba wa nazi.

Ndivyo tulivyosimuliwa. Tulikuwa tukiisimulia hivyohivyo kwa wageni, na mimi mwenyewe niliwahi kuiandikia insha darasa la saba.

Watoto wake watatu wote walikulia juu ya mikeka ile. Baba Mkubwa ndiye aliyefika mbali zaidi; miaka ya 1990 alivuka bahari kwenda Unguja kufanya mazoezi kwa Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani mfanyabiashara aliyehamia kule na kuwafundisha vijana judo. Shangazi alikuwa hatari kuliko kaka zake. Mtindo wake ulikuwa kujitupa chini na kuzoa miguu yote miwili ya mpinzani, na nimeona wanaume wa kilo tisini wakitua chali kabla hawajajua wameguswa wapi. Wanawake walianza kushindania medali za judo za Olimpiki mwaka 1992, na Shangazi alikuwa na umri wa kwenda. Nauli ndiyo haikuwa na umri. Kisha mwaka 2010 shirikisho la dunia likaanza kupiga marufuku kushika miguu. "Wameniotea," alisema, na tangu hapo anafundisha watoto wadogo tu.

Baba yangu ni wa mwisho. Yeye aliacha mashindano mapema, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Lakini ndiye aliyenifundisha kushika: mkono wa kulia ukosini, wa kushoto kwenye kiwiko, kisha tulia mpaka mwenzio apumue. Ndiye pia aliyenifundisha sheria ya Babu, kwamba nje ya mkeka humkamati mtu, na mkubwa wako humkamati popote.

Basi. Hitma ikaisha, pilau ikaliwa, wageni wakaondoka. Tukabaki wa damu, pamoja na shehe na Mwenyekiti. Bibi alikuwa ndani; eda yake ilikuwa bado, na dirisha la chumba chake linatazama ukumbini, kwa hiyo aliketi nyuma ya pazia na kusikia kila neno.

Baba Mkubwa alianza kwa kukohoa. Barabara ya njia nane kutoka Kimara imeshafika Kibaha, alisema, na kiwanja chochote kinachoitazama si kiwanja tena, ni benki. Paa linavuja. Ada wanalipa watoto wanne kati ya kumi. Yuko mnunuzi, mtu wa vituo vya mafuta, anatoa hela taslimu.

"Na watoto?" Shangazi aliuliza.

"Watoto wana makwao."

"Nimeuliza watoto wa judo, kaka. Wa kesho saa kumi."

Shehe akakumbusha taratibu hisa za mirathi, mjane na fungu lake, wa kiume na fungu lake, wa kike na lake. Baba yangu hakusema neno. Alikuwa akichezea funguo za gari, akizihesabu kwa kidole gumba kama tasbihi.

Hapo ndipo kivuli kilipoziba mlango.

Alikuwa mtu wa makamo, mweusi, mwembamba, amevaa gi. Lakini haikuwa gi ya dukani. Ilikuwa ya kitambaa cha marekani, imeongezwa gunia la unga mabegani, na maandishi ya kiwanda cha unga yalikuwa bado yanasomeka mgongoni. Kiunoni alifunga mkanda mweusi uliochakaa hadi ukawa wa kijivu. Alivua kandambili, akaelekea picha ya Kano, akainama. Aliinama kama Babu: mikono mapajani, shingo haikunjwi, sekunde moja zaidi ya wenzako. Niliona nywele za Shangazi zikimsimama mkononi.

"Shikamooni. Mimi ni mpwa wa marehemu, natokea Maneromango," akasema. "Nimekuja kuchukua klabu yangu."

Baba Mkubwa alisimama na kumwelekea. Kabla hajafika, sauti ya Bibi ikatoka nyuma ya pazia, kavu kabisa.

"Mpisheni aketi. Siku arobaini zote hizi nilikuwa namngoja yeye."

* * *

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Arobaini ya Babu imesomwa Kibaha. Familia ikiwa kikaoni inajadili kuuza ukumbi wa judo, mtu asiyejulikana anaingia na kudai klabu ni yake. Bibi aliye kwenye eda anaamuru apishwe.

SASA ENDELEA…

Tulikuwa tunajua Babu ana dada Maneromango. Tulijua pia kwamba kila mwisho wa mwezi alipanda gari kwenda huko "kuangalia mikorosho", na alirudi Jumapili jioni na kilo mbili za korosho na mihogo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aende kuangalia mikorosho na begi lenye gi.

Yule mpwa alikaa kwa magoti, visigino chini ya makalio, asitikisike. Baba Mkubwa alikuwa anazunguka.

"Binamu, karibu. Lakini umekuja na neno zito. Klabu yako kivipi?"

"Mjomba hurithiwa na nani?"

Shehe akaingilia. Marehemu ameacha watoto wa kiume, alisema, na mtoto wa kiume akiwepo, hata dada wa marehemu hapati kitu, sembuse mtoto wa dada.

"Nakubali, shehe. Hiyo ni ya mali. Nyumba gawaneni, sufuria gawaneni." Akageuka, akaionyesha picha ukutani. "Huyu mzee alikufa melini mwaka 1938 akirudi Japani kutoka mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo. Mnajua klabu yake, Kodokan, alikabidhiwa nani?"

Kimya. Mimi nilikuwa najua, maana Babu alinikaririsha, lakini msichana hachangii kikao cha wazee.

"Mpwa wake, Jiro Nango. Mwanawe Risei alikuja kuishika mwaka 1946, halafu mjukuu, Yukimitsu, kuanzia 1980. Ilitoka mikononi mwa ukoo mwaka 2009 tu. Lakini wa kwanza kukabidhiwa alikuwa mpwa."

"Hapa si Japani," Baba Mkubwa akasema.

"Kweli. Hapa ni Uzaramoni. Na Uzaramoni, kabla ya babu zetu kusilimu, mjomba alirithiwa na nani?"

Shehe alitazama dari. Mwenyekiti, ambaye naye ni Mzaramo wa Mzenga, aliguna kidogo kisha akajifanya anakohoa. Wote walijua jibu. Zamani zile ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mpwa ndiye aliyechukua nafasi ya mjomba wake. Wazee wa Kisarawe wanaikumbuka hadithi hiyo hata kama hawaifuati tena.

"Maneno hayo ya zamani," Baba Mkubwa akasema, "hayatengenezi bati."

"Basi tuongee ya sasa. Naomba tufunue sponji."

Juu ya mikeka ya zamani tulikuwa tumetandika magodoro ya sponji yenye ngozi ya plastiki, yaliyonunuliwa kwa mchango miaka michache nyuma. Mimi na Shangazi tulivuta moja la kona. Vumbi likapanda, na ile harufu ikaja, harufu ya nazi kavu na jasho la watu ambao wengine wameshazikwa. Mkeka wa usumba ulikuwa palepale, turubai lake limegeuka rangi ya chai.

Yule mpwa alipitisha kidole juu ya mshono. "Njooni muone."

Nilisogea. Mishono ilipita kutoka juu hadi chini ya mkeka, kila kiganja kimoja, ili usumba usikimbilie upande mmoja. Uzi ulikuwa wa katani. Na kila mshono ulimalizika kwa fundo la aina moja: mizunguko mitatu, kisha ncha imerudishwa ndani isionekane wala isimkwaruze mtu.

"Seremala anajua kupiga msumari," alisema. "Fundo hili ni la nani?"

"La wifi yangu." Ilikuwa sauti ya Bibi tena. Pazia lilitikisika. "Mume wangu hakuwahi kushika sindano ya gunia maisha yake yote. Watoto walikuwa wanavunjika mikono kwenye sakafu ya udongo. Akaenda kumlilia dada yake. Wifi na wanawake wenzake wakafukia makumbi kwenye dimbwi, miezi na miezi, yakaoza, wakayatoa yananuka hata mbwa hawasogei. Wakayaponda kwa magongo, wakayachambua, wakayaanika. Wakashona. Yakaja hapa juu ya lori la mkaa. Mimi ndiye niliyeyapokea."

"Mama!" Baba Mkubwa alisema. "Mbona hukuwahi kutuambia?"

"Nani aliniuliza? Wageni mlikuwa mnawaeleza nyinyi. Mimi nilikuwa napika chai."

Niliikumbuka insha yangu ya darasa la saba, nikatamani godoro la sponji linifunike.

Lakini Baba Mkubwa si mtu wa kubaki chini. Alikubali haraka, kama mchezaji mzuri anavyokubali kuvutwa ili apate kusukuma. Sawa, mikeka ni ya shangazi yetu, Mungu amlipe. Tutamlipa mikeka yake, hata leo. Mikeka si kiwanja. Kiwanja ni cha marehemu.

Yule mpwa akafungua fuko lake. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni ilikuwa imefungwa tena kwa kipande cha kanga. Ilikuwa nakala ya kaboni, maandishi ya zambarau yaliyofifia. Mauziano ya kiwanja, Maili Moja, mwaka 1972, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Akampa Mwenyekiti aisome kwa sauti.

Mwenyekiti alivaa miwani. Akasoma mipaka: kaskazini barabara, kusini mwembe. Akasoma bei. Akasoma jina la muuzaji. Alipofika kwenye jina la mnunuzi aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasoma polepole.

Halikuwa jina la Babu. Lilikuwa la dada yake.

"Pesa ya korosho," yule mpwa alisema. "Za misimu miwili. Mama alimwambia: kaka, jenga, fundisha, lakini wanangu na wana wa kijiji wawe na nafasi humo. Mjomba alikubali. Nafasi yenyewe hatukuiona. Ndiyo maana akawa anaona aibu, akawa anakuja yeye kule."

"Saini iko wapi?" Baba Mkubwa aliuliza. "Dole gumba liko wapi?"

Mwenyekiti aligeuza karatasi. Kaboni haikuwa imepitisha saini. Balozi alikufa kabla mimi sijazaliwa, na muuzaji naye hayupo. "Hii peke yake," alisema, na nikaiona soksi yenye tundu ikichezacheza, "kwa kweli haina nguvu."

Sikuona mkono wa Baba Mkubwa ukienda. Niliona tu karatasi iko kwake, na niliisikia ikichanika mara moja, mara mbili, mara tatu. Vipande vya zambarau vikaanguka juu ya mkeka wa usumba.

Shangazi alipiga yowe. Baba yangu alifumba macho.

Yule mpwa hakusimama. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya kanga, akafunga. Alikuwa anatabasamu.

"Umenirahisishia, binamu. Sasa kila mtu ameona unachokiogopa. Hiyo ni nakala. Halisi ipo, ina saini na madole yote, na mama ndiye anayejua Mjomba aliificha wapi. Anayetaka kuiona anifuate Maneromango."

* * *

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Nakala ya mauziano imechanwa, lakini mpwa anasema hati halisi bado ipo, na anayejua ilipo ni mama yake tu.

SASA ENDELEA…

Tuliondoka Jumapili alfajiri kwa Noah ya Baba: yeye kwenye usukani, Shangazi mbele, mimi na yule mpwa nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kumwita Baba Mdogo. Baba Mkubwa alisema ana tumbo.

Tulishika barabara ya Kiluvya inayotokea Kisarawe. Asubuhi ile vilima vya Pugu vilikuwa na ukungu, na wauza mananasi walikuwa ndio kwanza wanapanga mafungu yao. Simu ya Baba iliita tulipofika Kisarawe mjini. Akaitazama, akaikata. Ikaita tena kwenye njia ya Maneromango. Akaizima kabisa.

"Si upokee, huenda ni mama," Shangazi alisema.

"Ni wateja. Wanataka saruji Jumapili."

Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa anatoka jasho, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi.

Tulipofika, kabla hata ya kukaribishwa, nilisikia sauti ninayoijua usingizini. Kishindo cha mtu anayeanguka vizuri: mkono unapiga chini, mwili unafuata. Nyuma ya nyumba, chini ya mikorosho, watoto kama ishirini walikuwa mazoezini juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja na kujazwa usumba. Wachache walikuwa na gi. Wengine walivaa makoti ya shule yaliyogeuzwa, mashati ya kaki, na mmoja alivaa koti la mvua la baba yake.

Nikaazima gi. Sijui nilitaka kumthibitishia nani. Nilipewa msichana wa miaka kumi na mitano hivi, mwenye miguu ya vumbi, nikajiambia nimwendee pole. Mimi nacheza uzito wa kilo 57, nina mkanda wa kahawia, nimeshafika mashindano ya taifa. Tuliinamiana. Nikanyoosha mkono kutafuta ukosi, na ukosi haukuwepo. Hakukuwa na mtu mbele yangu. Bega lake lilikuwa tumboni mwangu, mikono yake nyuma ya magoti yangu, na majani ya mkorosho yalikuwa juu, ya kijani sana, na mimi nilikuwa chali nikiyatazama.

Mgongo wote, kwa kasi na kwa nguvu. Kwa sheria za leo angepewa adhabu. Kwa sheria za zamani ilikuwa ippon, pambano limekwisha.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni, viganja mdomoni. Ulikuwa mtindo wake mtupu, mpaka ile namna ya kugeuzia sikio upande.

"Nani kakufundisha?" alimuuliza yule mtoto.

"Babu. Alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi."

"Alikwambia unaitwaje?"

"Alisema unaitwa 'binti yangu'."

Shangazi aligeuka, akaenda kusimama nyuma ya mti. Tulimwacha.

Bibi wa Maneromango alikuwa barazani akichambua kisamvu. Sikutarajia awe mdogo vile, na sura yake ilikuwa ya Babu tupu, imevishwa ushungi. Tulimwamkia, akatuitikia mmoja mmoja bila kuacha kuchambua. Kisha akaniita nikae karibu, akanishika kiganja, akakigeuza, akapapasa sugu za vidole.

"Wewe unashika sana kwa kidole cha shahada," akasema. "Kaka yangu naye alikuwa hivyohivyo. Nguvu iko kwenye vidole viwili vya mwisho. Hata mchi unashikwa hivyo."

"Bibi, na wewe ulicheza?"

"Nicheze saa ngapi? Nilikuwa nawatazama. Mtu anayeshona anatazama."

Baba Mdogo alimweleza ya Kibaha: kikao, mnunuzi, karatasi iliyochanwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia au atatulaani. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mikeka yangu bado ipo?"

"Ipo, Shangazi," Baba alijibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu tufike.

"Yote?"

"Yote."

Akashusha pumzi. Akaweka ungo chini.

"Kiwanja mimi sikitaki. Nitakipeleka wapi? Nina mikorosho, nina kaburi langu nimeshaonyesha. Ninachotaka ni watoto hawa wapewe siku mbili kwa wiki kwenye ukumbi ule, na nauli, na mtu wa kuwasimamia. Mkiniandikia hivyo mbele ya mashahidi, nawapa hati mkabadilishe jina. Asipokubali mmoja wenu, naenda nayo baraza la ardhi."

"Hati iko hapa?" Shangazi alikuwa amerudi, macho mekundu.

"Hapa? Nyumba ya makuti, imeungua mara mbili tangu mwaka ule!" Kwa mara ya kwanza alicheka. "Kaka aliniuliza, dada, tuiweke wapi isioze, isiibwe, isiliwe na mchwa? Nikamwambia niletee mkeka mmoja. Nikafumua upande, nikaiweka katikati ya usumba ndani ya kopo la bati la biskuti, nikashona. Usumba haupendwi na mchwa. Ule wa kona, wenye kiraka cha kanga nyekundu. Miaka hamsini mnaangushana juu yake."

Niliukumbuka. Watoto wote wa klabu wanaukumbuka. Tuliuita mkeka mgumu, na tulimsukumia mgeni kila mara aangukie pale.

Shangazi alianza kucheka, na mimi nikacheka, na Baba Mdogo akajipiga paja. Tulikuwa bado tunacheka simu yangu ilipoita. Ilikuwa namba ya Bibi, Kibaha.

"Mjukuu wangu, baba yako yuko wapi? Simu yake haipatikani."

"Yuko hapa, Bibi. Kuna nini?"

"Kuna lori uani. Baba yako mkubwa na watu wa mnunuzi wanatoa vitu ukumbini. Nimewapigia kelele dirishani, kutoka siwezi, unajua eda yangu. Sponji wameziweka pembeni, wanaziuza. Ile ya usumba wanaipakia." Alivuta pumzi. "Kuna bwana wa matofali amepewa bure. Anasema unawaka vizuri kuliko kuni. Tanuri lake liko Visiga na linawashwa leo jioni."

Niliweka simu kwenye sauti ya nje ili wote wasikie.

"Bibi, waambie wasubiri! Hakuna aliyekubali kuuza! Shangazi yuko hapa, Baba yuko hapa…"

"Ndicho nilichowaambia. Wakanionyesha karatasi kupitia dirishani. Malipo ya awali yalichukuliwa Alhamisi." Sauti yake ikashuka. "Mjukuu wangu, si baba yako mkubwa aliyesaini. Ni baba yako."

Hakuna aliyesogea. Bibi wa Maneromango aliokota jani moja la kisamvu lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Nina deni la duka," Baba alisema. Alikuwa anatazama chini. "Wangenifilisi. Nilidhani ni mikeka ya zamani tu. Nilidhani…"

"Nipe funguo, kaka," Shangazi akasema.

"Tukirudi sasa watanidai pesa zao. Nimeshazitumia."

"Funguo."

Aliziweka mfukoni. Akarudi nyuma hatua moja, akielekea gari, na niliona kwamba anakusudia kuondoka peke yake, au kutoondoka kabisa, na jua lilikuwa limeshapita utosi, na kutoka Maneromango hadi Visiga ni mwendo mrefu. Watoto chini ya mikorosho walikuwa wameacha mazoezi. Walikuwa wanatutazama.

Nilimfuata. Akageuka. Mkono wangu wa kulia ukashika ukosi wa shati lake, wa kushoto ukashika kiwiko. Vidole viwili vya mwisho vikakaza.

"Mwanangu," Baba alisema. "Hatujakanyaga mkeka hapa."

Nikatulia, nikasubiri apumue.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO